Mtoto akivushwa mpaka na mzazi mwenzio: namna ya kuendesha kesi ya kumrejesha

Mimi ni wakili wa kesi za familia, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa maombi ya kurejesha watoto waliovushwa mpaka na mzazi mmoja bila idhini ya mwenzake. Nimewasimamia akina baba waliorudi kazini wakakuta nyumba imehamwa. Nimewasimamia pia akina mama walioondoka usiku na mtoto mgongoni kwa sababu waliogopa kulala humo siku moja zaidi. Nawaandikia wote, maana wote hufika ofisini na jambo lile lile mdomoni: wanataka kumthibitishia jaji nani kati yao ni mzazi bora.

Katika kesi hii jaji hana kazi hiyo. Mkataba wa Hague wa 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto kimataifa, ulioanza kutumika 1 Desemba 1983 na ambao leo unafungamanisha zaidi ya nchi 100, unauliza swali moja tu: mahakama za nchi gani ndizo zinazopaswa kuamua malezi ya mtoto huyu? Jibu lake la kawaida ni nchi alikokuwa akiishi kabla ya kuvushwa. Ibara ya 16 inamzuia jaji wa nchi alikopelekwa asiamue malezi mpaka ombi la kumrejesha limalizike. Ibara ya 19 inasema amri ya kumrejesha haihesabiwi kuwa uamuzi wa malezi. Zishike ibara hizo mbili kabla hujaandika sentensi ya kwanza ya kiapo chako. Zitakuonyesha kipi kiingie kwenye faili na kipi kibaki nyumbani.

Saa za mwanzo

Ukigundua mtoto hayupo, chukua karatasi uandike tarehe: siku ya mwisho alipolala nyumbani, siku ya safari kama unaijua, na siku mliyokubaliana kwamba angerudi. Utoroshaji una sura mbili. Ya kwanza ni kumwondoa mtoto bila ridhaa. Ya pili ni kumzuia asirudi baada ya likizo ambayo wewe mwenyewe uliibariki. Sura hii ya pili ndiyo yenye ubishi mwingi, kwa sababu mzazi aliye mbali anaweza kusema "tunarudi wiki ijayo" kwa miezi, kisha siku moja akasema hawarudi tena. Siku ya kuzuiwa ni ipi? Mawakili watagombana juu ya hilo, na kuna muda unaohesabiwa kutoka hapo, kwa hiyo andika kila ahadi na tarehe yake ikiwa bado mbichi kichwani.

Usipande ndege kwenda kumnyakua mtoto. Najua maumivu yake, na najua ndugu watakaokushauri uende. Ukimchukua kwa nguvu unageuka mtoroshaji wa pili, unaweza kukamatwa katika nchi usiyoijua, na kesi uliyokuwa na nafasi nzuri ya kushinda inaharibika.

Kama mtoto bado hajavuka, kimbilia mahakama ya hapo mlipo siku hiyo hiyo. Omba zuio la kusafiri, pasipoti zikabidhiwe mahakamani, na vituo vya mpakani vijulishwe.

Polisi ni suala la kupima. Ikiwa hujui mtoto yuko wapi, polisi wanaweza kuomba Interpol itoe notisi ya njano, ambayo hutumika kutafuta watu waliopotea, wakiwemo watoto waliochukuliwa na mzazi. Hilo ni jema. Lakini kufungua jalada la jinai dhidi ya mzazi mwenzio kunaweza kukurudia. Jaji akiona kwamba mama akirudi na mtoto atapokelewa na pingu uwanja wa ndege, atasita, na ana haki ya kusita. Kama unafungua jalada, hakikisha unajua namna ya kuliondoa au kulisimamisha utakapoombwa.

Angalia kama nchi zote mbili zimo

Mkutano wa Hague wa Sheria Binafsi za Kimataifa, taasisi inayousimamia mkataba huu, unaweka orodha ya nchi wanachama kwenye tovuti yake. Usiishie kuona majina mawili. Nchi inayojiunga baadaye hufungamana tu na nchi zilizokubali kujiunga kwake, hivyo nchi mbili zinaweza kuwa kwenye orodha moja na bado mkataba usifanye kazi baina yao. Tena lazima mkataba uwe ulikuwa unatumika baina yao siku mtoto alipoondolewa au kuzuiwa. Barani Afrika zimo Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia, Lesotho, Morocco na nyingine kadhaa. Japani iliingia mwaka 2014. India haijajiunga, na hata Kenya, Uganda na Tanzania hazijajiunga.

Mkataba usipokuwepo, kesi hufunguliwa kwa sheria ya watoto ya nchi alikopelekwa, na kipimo huwa maslahi ya mtoto huyo mmoja. Hapo ndipo mwenendo wa wazazi unapopata nafasi yake. Amri ya mahakama ya kwenu itapokewa kama ushahidi wenye uzito, pengine itatambuliwa, lakini usitegemee itekelezwe yenyewe. Mengi ya hapa chini kuhusu tarehe, ujumbe wa simu na mipango ya kurudi yatakufaa hata huko.

Unachopaswa kuthibitisha

Kwanza umri. Mkataba unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16. Akitimiza 16 katikati ya kesi, mkataba unamwachia hapo hapo.

Pili, makazi ya kawaida. Makazi haya si uraia, wala si mahali mtoto alikozaliwa, wala anwani iliyomo kwenye pasipoti. Ni mahali maisha yake yalipokuwa yanaendelea. Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2018 ilisema jaji atazame kwa pamoja nia ya wazazi na hali halisi ya mtoto. Ile ya Marekani, mwaka 2020, ilikuwa na kesi ya mtoto mchanga aliyezaliwa Italia na kupelekwa Marekani akiwa na wiki chache tu. Ikaamua kwamba huangaliwa mazingira yote, wala si lazima wazazi wawe walikubaliana rasmi kuishi mahali fulani.

Kwa hiyo leta vitu vya maisha: mahudhurio ya shule, kadi ya kliniki, mkataba wa kodi ya nyumba, bima ya afya, ratiba ya mazoezi, barua ya mwalimu. Leta vilevile chochote kinachoonyesha kwamba safari ilipangwa kuwa na mwisho. Tiketi ya kurudi ni ushahidi mzuri. Kuna siku barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri wa mama, yenye tarehe ya kurudi kazini, ilifanya kazi kubwa kuliko kiapo kizima cha baba. Ilikuwa aya mbili, haikuandikwa kwa ajili ya kesi, na hakuna aliyeweza kuipinga.

Tatu, haki ya malezi, na kwamba ulikuwa unaitumia. Haki hiyo inaweza kutokana na sheria yenyewe, amri ya mahakama, au makubaliano yenye nguvu ya kisheria. Ibara ya 5 inasema ndani yake imo haki ya kuamua mtoto akae wapi. Hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishughulikia baba aliyekuwa na haki ya kumtembelea mtoto tu, ila sheria ya Chile ilitaka idhini yake kabla mtoto hajatoka nchini. Mahakama ikasema mamlaka hiyo ya kukubali au kukataa ni haki ya malezi. Soma amri yako ya talaka upya, na soma sheria ya nchi mlikokuwa mkiishi. Jibu linaweza kuwa kwenye mstari ambao hukuutilia maanani.

Baba ambaye hakufunga ndoa na mama awe mwangalifu zaidi. Nchi nyingine humpa haki tangu kuzaliwa kwa mtoto, nyingine humtaka aandikishwe au apate amri kwanza. Tafuta wakili wa nchi hiyo aandike maelezo mafupi ya sheria ilivyokuwa siku mtoto alipoondoka. Haki iliyopatikana baada ya siku hiyo haisaidii. Ikiwa ulichonacho ni haki ya kuonana na mtoto peke yake, ibara ya 21 inakupa njia ya kuomba uonane naye, ila haikupi amri ya kumrejesha.

Faili na mlango wa kulipitishia

Kila nchi mwanachama ina Mamlaka Kuu, ofisi inayopokea maombi, kumtafuta mtoto, kuwasiliana na ofisi mwenzake ng'ambo na kujaribu kurudisha mtoto kwa hiari. Unaweza kuanza na ya kwenu, au ya nchi alipo mtoto. Unaweza pia kwenda mahakamani moja kwa moja bila kupitia ofisi yoyote, na zikiwa zimebaki wiki chache mwaka utimie tangu mtoto aondolewe au kuzuiwa, mimi hufanya hivyo.

Ombi liwe na majina na tarehe za kuzaliwa, picha za karibuni za mtoto na za mzazi aliye naye, mahali unapodhani wapo na kwa nini unadhani hivyo, msingi wa haki yako, na nakala za nyaraka. Mkataba hautaki nyaraka zigongwe mihuri ya uhalalishaji, ila zinahitaji tafsiri kwa lugha ya nchi inayopokea. Usimpe mtafsiri wa mtaani kiapo chako. Neno moja likikosewa kwenye tarehe au kwenye aina ya haki, utalipigania miezi.

Mamlaka Kuu haikutozi kwa kazi yake yenyewe. Gharama za wakili ni hadithi nyingine na hutofautiana sana. Uingereza humpa mwombaji wa kurejeshewa mtoto msaada wa kisheria bila kupima kipato chake. Marekani iliweka sharti la kutofungwa na gharama hizo, kwa hiyo huko utatafuta wakili wa kujitolea au utalipa. Uliza swali hili katika barua yako ya kwanza.

Kuhusu kiapo, nitaonyesha ninachomaanisha. Mteja huniletea rasimu kama hii: "Mjibu maombi ni mwongo na mbinafsi ambaye hajawahi kumjali mtoto wetu, na familia yake yote inajulikana kwa tabia hiyo." Naifuta, kisha naketi naye tunaandika upya: "Tarehe 3 Agosti mtoto alisafiri na mama yake kwa likizo ya wiki tatu. Nilitia sahihi barua ya ruhusa, kiambatisho A. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe 24 Agosti, kiambatisho B. Muhula wa shule ulianza tarehe 1 Septemba na mtoto hakufika, kiambatisho C." Hakuna tusi, na kila sentensi inabeba karatasi nyuma yake. Jaji anayesoma mafaili manne usiku huo atakumbuka la pili. Weka ukurasa wa kwanza uwe jedwali la tarehe tupu, kurasa mbili zikizidi sana.

Muda

Ibara ya 11 inazitaka mahakama ziende haraka, na wiki sita zikipita bila uamuzi, mwombaji anaweza kudai maelezo ya kuchelewa. Uhalisia ni mwingine: katika utafiti wa Mkutano wa Hague kuhusu maombi ya mwaka 2021, wastani hadi matokeo ya mwisho ulikuwa siku 207. Jipange kwa miezi, kifedha na kimoyo, ila ishi kana kwamba una wiki sita.

Mwaka mmoja ndio mpaka unaouma. Kesi ikifunguliwa kabla ya mwaka kutimia tangu mtoto alipoondolewa au kuzuiwa, ibara ya 12 inamwamuru jaji amrejeshe, isipokuwa pingamizi moja lithibitike. Ikifunguliwa baada ya hapo, mjibu anaweza kuonyesha kwamba mtoto ameshazoea mazingira mapya. Zingatia kwamba kinachohesabiwa ni siku kesi ilipofunguliwa mahakamani. Fomu iliyokaa Mamlaka Kuu tangu mwezi wa tatu haisimamishi saa. Hata kufichwa kwa mtoto huenda kusikuokoe: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kurefusha mwaka huo kwa baba ambaye hakujua mtoto amepelekwa wapi. Na mwaka 2007 Mabwana wa Sheria wa Uingereza, majaji wa mahakama yake ya juu kabisa wakati huo, uamuzi mkuu ukiandikwa na Baroness Hale, walikataa kuwarudisha Zimbabwe wasichana wawili waliokuwa wamekwisha kutulia Uingereza na waliosema wazi hawataki kuondoka. Mwaka ukipita hujapoteza kila kitu, maana jaji bado anaweza kuamuru kurejeshwa, ila unaingia na mzigo mzito.

Ujumbe wa simu

Pingamizi linalojitokeza mara kwa mara ni kwamba mzazi aliyeachwa aliridhia, au alikubali baadaye. Nakumbuka baba mmoja aliyeandika saa sita usiku: "Kaa naye huko huko. Nimechoka na wewe." Wakili wa upande wa pili aliusoma ujumbe huo mbele ya jaji polepole, kisha akaurudia. Chumba kikawa kimya. Tulichokuwa nacho sisi ni mazungumzo yote, siku kabla na siku baada, yakiwa na saa zake. Dakika chache baada ya ujumbe ule alikuwa ameandika, "Samahani. Mtoto wangu anarudi lini?" na asubuhi yake, "Shule inafungua Jumatatu, nijibu." Jaji aliuweka ujumbe wa hasira mahali pake.

Kwa hiyo usifute kitu. Chapisha mazungumzo kamili, maana vipande vilivyochaguliwa huzua mashaka. Kuanzia leo andika kila ujumbe ukijua jaji atausoma. Huhitaji ukali; inatosha sentensi moja inayojirudia: "Sijakubali abaki huko, naomba mrudi." Kujaribu kupatana si kukubali. Mabwana wa Sheria walieleza mwaka 1997 kwamba kinachotafutwa ni nia halisi ya mzazi aliyeachwa, na kwamba mazungumzo ya kurekebisha mambo hayapaswi kumgeukia. Isipokuwa maneno au matendo yako yakionyesha waziwazi, bila utata, kwamba umekubali, hapo utafungwa nayo hata kama moyoni hukuwa hivyo. Kumtumia mtoto nguo na vitabu vyake vyote bila neno lolote kunaweza kuonekana hivyo. Vitume, ila andika kwamba ni vya kutumia mpaka atakaporudi.

Kama wewe ndiye uliyeondoka

Takwimu zile zile za 2021 zinaonyesha karibu robo tatu ya walioondoka na watoto walikuwa akina mama. Wengi wa niliowasimamia walikuwa wanakimbia kipigo. Mkataba ulipoandikwa, picha iliyokuwa vichwani ilikuwa ya mzazi asiyeishi na mtoto anayemnyakua, na kwa maoni yangu hadi leo sheria inahangaika kumwona mama huyu vizuri. Ndiyo maana faili lake linahitaji kazi zaidi kuliko faili lolote jingine.

Ngao yake ni ibara ya 13, kifungu cha kwanza, herufi b: hatari kubwa kwamba kurejea kutamdhuru mtoto kimwili au kisaikolojia, au kumweka katika hali isiyovumilika. Kipimo ni kikali. Shule duni, nyumba ndogo au maisha magumu hayafikii. Jicho la mahakama liko kwa mtoto, kwa hiyo eleza kipigo kilivyomgusa yeye: alikuwa chumba gani, aliona nini, alisikia nini, alianza kukojoa kitandani lini, nani alimtibu. Kumpiga mama mbele ya mtoto ni madhara kwa mtoto, na majaji wengi leo wanalikubali hilo likiwa limethibitishwa.

Kusanya ripoti za polisi, karatasi za hospitali, picha zenye tarehe, amri za ulinzi, maelezo ya mwalimu au jirani aliyeona kwa macho yake. Kama hukuripoti popote, sema hivyo na useme kwa nini. Ukimya mwingi una sababu, na jaji akisikia sababu kutoka kwako ni bora kuliko kuisikia lawama kutoka upande wa pili. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2013, katika kesi dhidi ya Latvia, kwamba madai ya hatari kubwa yenye msingi lazima yachunguzwe kwa dhati na kujibiwa kwa sababu. Ukipuuzwa, hiyo ni hoja ya rufaa.

Halafu jiandae kwa swali linalofuata, ambalo ndilo linaloamua kesi nyingi: je, kuna hatua za ulinzi zitakazoifanya hatari hiyo ivumilike? Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011 ilielekeza kwamba palipo na madai yanayobishaniwa, jaji ajiulize kwanza: yakiwa kweli, yangekuwa hatari kubwa? Kama ndiyo, mtoto atalindwaje akirudi? Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2000 iliamuru mtoto arudi Kanada, ila kwa masharti yaliyomlinda mama, yakiwemo kuondolewa kwa hati ya kumkamata na baba kugharimia makazi na matunzo. Marekani, kwa upande wake, ilisema mwaka 2022 kwamba jaji aliyekwisha kuona hatari kubwa halazimiki kupekua kila hatua ya ulinzi inayowezekana kabla ya kukataa ombi.

Unaona basi mahali pa kushambulia. Ahadi aliyoitoa mwenzio mahakamani ina nguvu gani baada ya kuvuka mpaka? Mara nyingi haina, mpaka igeuzwe kuwa amri na mahakama ya nchi mnakorudi. Kama amewahi kuvunja amri ya ulinzi, leta amri hiyo na ushahidi wa kuivunja. Hakuna hoja iliyo nzito kuliko hiyo. Na kama nchi zote mbili zimo pia katika Mkataba wa Hague wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto, dai hatua za ulinzi zitolewe chini yake, maana hizo hutambuliwa upande wa pili kwa nguvu ya sheria.

Usisahau swali la kama wewe mwenyewe utarudi naye. Wazazi wengi walioondoka na mtoto husema "mimi sirudi", wakidhani litamzuia jaji. Majaji hawapendi mzazi aunde hatari kwa kukataa kwake. Ukiwa na sababu ya kweli, kwa mfano huna viza wala haki ya kuingia nchi ile, lete uthibitisho wa ubalozi au wa uhamiaji.

Sauti ya mtoto

Jaji anaweza kukataa kumrejesha mtoto anayepinga ikiwa umri na ukomavu wake vinastahili kusikilizwa. Mkataba hautaji umri. Kusema "napenda hapa zaidi" hakutoshi; kinachotafutwa ni pingamizi la kweli lenye sababu zake. Kwa kawaida ofisa wa ustawi au mtaalamu huongea naye peke yake, na katika nchi nyingine jaji mwenyewe.

Nawaomba wazazi wa pande zote: msimfundishe. Nimesoma ripoti ya mtoto wa darasa la pili aliyemwambia ofisa kwamba baba yake "amekiuka makubaliano ya malezi". Ofisa aliandika maneno hayo kama yalivyo, akaongeza kwamba mtoto alipoulizwa maana yake alitazama mlango. Hakukuwa na haja ya maelezo zaidi, na mzazi aliyemlisha maneno yale alipoteza imani ya jaji hata kwa mambo yaliyokuwa kweli. Mwambie tu kwamba kuna mtu atakayetaka kumsikia, kwamba aseme anachotaka, na kwamba si yeye anayeamua.

Kusikilizwa, na baada yake

Usuluhishi jaribuni, mradi usisimamishe kesi. Wakati mwingine wazazi hukubaliana kwa siku mbili yale ambayo mahakama isingeweza kuamuru, kama likizo ndefu kila mwaka na simu kila jioni. Makubaliano yaingizwe kwenye amri katika nchi zote mbili. Palipo na kipigo, usikubali kuwekwa chumba kimoja naye.

Siku yenyewe usitarajie kusimama kizimbani na kueleza maisha yako. Nyingi ya kesi hizi husikilizwa kwa nyaraka, na mawakili ndio huzungumza. Ila jaji huuliza mambo ya papo hapo, na mwombaji asiye na majibu hupwaya. "Akirudi, usiku wa kwanza atalala wapi? Mama yake je? Tiketi nani analipa? Shule imekubali kumpokea?" Mwombaji, njoo na majibu hayo kwa maandishi: risiti ya nyumba tofauti kwa ajili ya mwenzio, barua ya shule, ahadi kwamba hutamfungulia jinai wala hutakwenda kuwapokea uwanja wa ndege bila kuombwa. Kurejeshwa ni kurudi katika nchi. Amri haimlazimishi mtoto akabidhiwe kwako.

Amri ikitoka, muda wa rufaa huwa mfupi sana. Aliyeshindwa na anayetaka kukata rufaa aombe utekelezaji usimamishwe papo hapo, kabla watu hawajatoka chumbani, kwa sababu ndege ikiondoka mambo huwa magumu. Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba rufaa haifi mtoto akisharudi, ila kumgeuza njia tena ni kazi nyingine. Aliyeshinda adai amri iseme tarehe ya safari, nani anasindikiza, pasipoti ziko kwa nani na nini kifanyike ikikaidiwa. Amri inayosema tu "mtoto arejeshwe" huzaa kesi ya pili.

Mkishafika, fungua shauri la malezi katika mahakama ya huko wiki hiyo hiyo, hata kama wewe ndiye uliyelazimishwa kurudi. Huko sasa leta yote uliyoambiwa uyaache: nani alimwamsha asubuhi, nani alikaa naye hospitali, nani alimpiga nani. Na kama unaona maisha yenu yako kwingine, omba rasmi ruhusa ya kuhama na mtoto.